Kiti cha Wanja

Jumatano, 4 Juni
Maharagwe yameungua kidogo. Wateja wamekula hivyo hivyo. Mvua Ruiru tangu asubuhi. Maitu, mama yangu, amekuja hapa hotelini kwangu, ameketi karibu na jiko, akasema anataka tuende Thika Jumamosi. Kile kiwanda cha kutia samaki kwenye mikebe, alichofanyia kazi akiwa msichana, kimefungua chumba cha makumbusho.

Nimeshangaa. Yeye haongeangi juu ya kiwanda. Najua tu samaki waliletwa na lori kutoka ziwani, na akienda kwao hawakutaka alale na ndugu zake kwa sababu ya harufu. Wakikuyu wa wakati huo kula samaki, wapi.

Jumamosi, 7 Juni
Tumeenda. Chumba kimoja tu. Mikebe yenye kutu, visu, aproni za mpira, picha za wasichana wa vitambaa kichwani. Maitu alicheka alipoona zile gambuti. Msichana anayetembeza wageni alimwita cucu, kama nyanya yake, akamshika mkono vizuri.

Halafu tukafika kwa mashine ya kufunga vifuniko. Imepakwa rangi ya kijani. Msichana akasema watoto wa shule wanapenda kuzungusha gurudumu lake.

Maitu akasimama. "Hii ndiyo ilimkata Wanja."

Msichana akaondoa mkono kwenye gurudumu. Tumetoka bila kumaliza.

Ameniambia tukiwa nyumbani. Wanja alikuwa rafiki yake, walikodi chumba pamoja. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kesho yake msimamizi alimwambia Maitu akae kwenye kiti cha Wanja, akakaa. Hakuenda kumwona hospitalini. Aibu, amesema. Siku zikawa miaka.

Jumapili, 8 Juni
Nimekasirika na sijui namkasirikia nani. Huyo msimamizi, labda. Labda Maitu.

Kanisani hakuimba. Baada ya ibada aliulizia Wanja kwa wamama waliotoka Thika. Mmoja anamjua. Yuko Witeithie, anauza mboga. Maitu anataka kwenda. Mimi naogopa. Atafukuzwa, na umri huo.

Jumanne, 10 Juni
Witeithie. Maitu alivaa nguo ya kanisa.

Wanja alikuwa kibandani akikata sukuma, kisu mkono wa kushoto. Alimtambua Maitu kabla hatujasalimia. Hakuinuka.

"Ulikaa kiti changu."

"Nilikaa."

Nilitaka turudi.

"Kilikuwa kinayumba," Wanja akasema. "Ulikiwekea nini chini?"

"Kifuniko cha mkebe."

Akacheka. Halafu akalia. Halafu akamwambia Maitu avute ndoo akae. Vidole alishazoea, alisema. Kilichomuuma ni kulala wodini akiangalia mlango. Maitu hakujitetea. Alisema nisamehe, mara moja, polepole. Wanja alimsukumia fungu la sukuma na kisu kingine.

Nikawaacha, nikaenda kusimama kando ya barabara. Nimelia pia, kama mjinga.

Jumamosi, 21 Juni
Wanja amekuja kwetu. Makumbusho hataki kuyaona. Mashine hiyo aliiona vya kutosha.

Wamekula mukimo. Wameongea juu ya presha, magoti, na mapasta wa siku hizi. Msamaha haukutajwa. Nilipoleta chai, Maitu aligeuza kikombe cha Wanja, mshikio ukaelekea kushoto, akaendelea na hadithi yake.