Kitabu Changu Kimemtenga Dada na Mwanawe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke ukisikia kazi yangu, maana mimi ni mhadhiri wa ustawi wa jamii, kila mwaka nasimama darasani nikiwafundisha vijana namna ya kukaa na mtu mwenye matatizo na kumsikiliza, na leo nimekaa na tatizo langu mwenyewe nimeshindwa hata kulitamka mbele ya ndugu yangu wa tumbo moja, ndio ule usemi wa mganga hajigangi.

Niliandika kitabu. Si cha hadithi, ni cha kitaaluma, kinene, chenye tanbihi nyingi kuliko wasomaji, kinahusu haki jinai na familia, hasa akina mama waliokwenda polisi wenyewe kuwataja watoto wao wa kuwazaa. Nilizungumza na wengi, lakini mmoja ndiye aliyekibeba kitabu, alinieleza jinsi alivyowaonyesha askari mahali mwanawe alipojificha, kisha akarudi nyumbani akafua nguo zote za yule mtoto kana kwamba atazivaa kesho. Nilimwahidi kwamba hakuna atakayemjua. Katika kazi yetu ahadi hiyo haina mchezo, tunabadilisha jina, kazi, umri, nyumba, mpaka mtu mwenyewe akisoma asijione, basi na mimi nikamvua yule mama kazi yake ya kweli, ambayo hata kwako siitaji, nikamfanya fundi cherehani, mjane, chumba chake cha kazi kinatazamana na mashine ya kusaga nafaka, anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto na vifungo anaviweka kwenye kopo la maziwa. Yalinijia kwa urahisi, mshauri, mpaka nikajisifu kwamba kumbe nina kipaji cha kubuni.

Sikubuni kitu. Huyo ni dada yangu, kuanzia mkono mpaka kopo, na nilipokuwa naandika sikuliona hilo hata kidogo.

Sasa dada yangu ana mtoto mmoja tu, wa kiume, yuko gerezani kwa kuvunja ghala na wenzake. Alikamatwa amelala kwenye stoo ya ile mashine ya kusaga, mahali alipodhani anapajua mama yake peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Nani aliwaambia polisi? Hatujui mpaka leo, huenda ni mwenye mashine, huenda ni mmoja wa wenzake aliyebanwa akasema. Dada hakusema. Siku hiyo nilikuwa kwake tangu asubuhi, nilimwona habari zilipomfikia, alianguka na mkasi mkononi na mimi ndiye niliyemwinua.

Kitabu kilipotoka, mwalimu wa filamu pale chuoni, mtu mchangamfu tunayemwita Kamera ingawa haijulikani huishika lini, akakipenda, akasema habari ya yule fundi inafaa wanafunzi wake wajifunzie kutengeneza filamu fupi, akaniuliza, "Daktari, chumba kama hiki tutakipata wapi?" na mdomo wangu huu ukajibu, "Nendeni kwa dada yangu, ni hicho hicho." Niamini, hata hapo sikushtuka. Vijana wakaenda, dada akawapokea kama wakwe, akafagia, akawatolea viti, na kwa kuwa binti aliyeigiza mama alikuwa hajui hata kutia uzi kwenye cherehani, wakapiga picha mikono ya dada badala ya mikono yake. Hakuna aliyemweleza filamu inahusu nini. Yeye alidhani ni ya mafunzo ya ushonaji, jioni akanipigia simu, sauti imejaa furaha, "Mdogo wangu, hivi nitaonekana kweli?" Nikamwambia utaonekana.

Ameonekana. Afisa ustawi wa gereza, ambaye nilimfundisha mwenyewe, aliipeleka filamu kule ndani iwasaidie wafungwa kuzungumza juu ya familia zao, na nia yake ilikuwa njema kabisa, na kitabu nacho kilikuwa kwenye maktaba yao, nilikitoa zawadi kwa mkono wangu. Mwanzoni mwa filamu pameandikwa kwamba ni kisa cha kweli. Mtoto wa dada yangu akaliona pazia la kwao, akaona kopo, akaona mikono ya mama yake, kisha akamwona mama akiwatangulia askari kwenda alikojificha mwanawe. Afisa anasema hakupiga kelele wala hakulia. Aliomba kitabu, akasoma sehemu ile moja, akakirudisha, akasema, "Mwambieni mama nimeelewa. Asije tena."

Tangu hapo kila siku ya kutembelea wafungwa dada anafika getini, anaandikisha jina, anakaa kwenye benchi na mfuko wake wa sabuni na mafuta ya kupaka, wenzake wanaitwa mmoja mmoja na yeye haitwi, mwisho askari wa zamu anamsogelea, "Mama, leo tena amekataa." Anarudi nyumbani anaendelea kumshonea shati la kutokea gerezani, ananiuliza mimi, "Amenenepa au amekonda? Nisije nikakosea kifua." Anaamini mwanawe anamwonea aibu. Juzi akaniambia, "Lazima kuna kitu nilimkosea utotoni, nakaa nakitafuta sikipati." Nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze na digrii zangu zote.

Nilikwenda gerezani kumwona kijana, mimi alinikubali. Nikamwambia yule wa kwenye kitabu si mama yako. Akasema, "Basi ni nani, mama mdogo?" Sikumtajia, kwa sababu niliahidi. Akanitazama, akasema taratibu, "Wewe ni mtu wa vitabu. Kitabu chako kinasema kweli au kinasema uongo?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Kinasema kweli, kila neno nimelifanyia utafiti." Akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akainuka akaenda zake. Anakaribia kutoka sasa, na amemwomba afisa aandike kwamba hana kwao, apelekwe mji wowote ambao hana ndugu.

Nikimtaja yule mama mwingine, mwanawe ana wenzake walio nje na wanaweza kumdhuru, na nitakuwa nimevunja ahadi ambayo ndiyo kazi yangu yote. Nisipomtaja, dada anapoteza mtoto akiwa hai. Mchapishaji anasema toleo la pili tumfanye yule mama kuwa mpishi wa shule, mambo yaishe. Kamera anasema filamu ikishatoka ni mali ya watazamaji. Dada sijamwambia lolote, maana nikimwambia atajua kwamba mwanawe anamwona msaliti, na atajua kwamba usaliti huo nimeuandika mimi, na duniani hapa amebaki na mimi tu. Silali, darasani nawapa wanafunzi majaribio ili nisilazimike kusema. Sioni mlango wa kutokea. Nifanye nini?

Wako,
Mdogo Mtu

JIBU

Mdogo Mtu,

Barua yako niliianza nimekaa, nilipofika pale uliposema "kila neno nimelifanyia utafiti" nikajikuta nimesimama. Pole sana. Naitoa pole hiyo mapema kwa sababu sina nyingine.

Kijana alikuuliza kuhusu mama yake, wewe ukamjibu kuhusu kitabu. Ulijua kwamba maneno ni ya kweli na ulijua kwamba sura uliyoyavika si yake, yote mawili ulikuwa nayo mdomoni, ukatoa lile moja linalokulinda wewe. Mtu aliyekaa gerezani miaka akijiuliza ni nani aliyemtaja, ukampa jibu lenye muhuri wa chuo. Usishangae kwamba amelichukua.

Halafu unaniambia una njia mbili tu, umtaje yule mama au dada apoteze mtoto. Nani kakwambia? Yule mama mwache alipo, tena umwache kabisa, usiende hata kumwomba ruhusa. Alishakupa kilicho chake, na mzigo huu haukuwa wake. Ila mtu anaweza kusafishwa bila mwingine kuchafuliwa. Rudi kwa kijana, umwambie hivi bila tanbihi: "Maneno yale ni ya mwanamke mwingine. Mkono, kopo na chumba ni vya mama yako, nilivichukua bila kufikiri na bila kumwomba. Siku uliyokamatwa nilikuwa naye tangu asubuhi, hakwenda popote. Aliyekutaja simjui." Akikuuliza yule mwingine ni nani, mwambie humwambii, kama ambavyo usingemwambia mtu yeyote siri yake yeye. Habari ya siku ile ilikuwa ushahidi wako mwenyewe, uliuona kwa macho, na kwenye maongezi yenu yote hukuutoa. Ulikwenda gerezani kama mtafiti, ukamsahau shahidi nyumbani.

Hatakuamini. Nisikudanganye, siku ya kwanza hatakuamini, na inawezekana hataamini kamwe. Anayo filamu machoni na wewe una maneno tu. Nenda tena. Akikataa kukuona, kaa wewe kwenye lile benchi upande wa dada yako, uone lilivyo gumu.

Mchapishaji mwambie hapana. Ukimfanya yule mama kuwa mpishi wa shule, kuna mpishi mmoja mahali fulani anapika asubuhi hii na ana mtoto gerezani. Kwenye toleo la pili andika ukurasa wa mbele kabisa, kwa jina lako, kwamba sifa za nje za mama yule ulizitoa kwa mtu asiyehusika na asiye na kosa lolote. Kamera naye mwambie kwamba mali ya watazamaji ni viti walivyokalia. Mikono ile ina mwenyewe, haikuambiwa inaigiza nini, kwa hiyo ama filamu inaondolewa darasani na gerezani, ama yeye na wanafunzi wake wanakwenda kumwomba radhi mwenye mikono na kukubali atakachoamua. Mwalimu anayefundisha vijana kupiga picha bila kuwafundisha kuomba, amefundisha nusu.

Yote hayo yanakuja baada ya jambo moja, na hilo ndilo unalolikimbia barua nzima. Afisa anajua kisa hiki, mchapishaji anajua, Kamera anajua, kijana anajua kwa namna yake, na mimi ambaye hatujawahi kuonana najua. Asiyejua ni dada yako. Unasema unamhurumia. Huko si kumhurumia, bibie, ni kumwogopa. Unamwacha mwanamke anatafuta kosa lake katika utoto wa mwanawe, anachokonoa miaka yote ile hakipati, na kosa analolitafuta liko mezani kwako lina jalada. Mwambie leo. Usimwandikie, usimtume mtu, usianze na maelezo ya utafiti. Anza na neno "nimekukosea". Atakayoyasema yasikie mpaka mwisho. Akikufukuza, ondoka, na kesho urudi. Akinyamaza, hapo ndipo pabaya zaidi, na hapo usiondoke. Sikuahidi kwamba atakusamehe. Pengine utampoteza, na pengine mtoto hatarudi hata hivyo, na wewe utabaki na kitabu. Lakini atakuwa amejua kwamba hakumkosea mwanawe, na kitu hicho kimoja hakuna mwingine anayeweza kumpa.

Neno la mwisho, na hili halina utamu. Katika barua hii hii umerudia lile lile. Fundi cherehani, mjane, mashine ya kusaga, mkono wa kushoto, kopo la maziwa, mtoto mmoja gerezani. Umeuficha uso wako nyuma ya jina la kupanga, yeye umemwacha hadharani mara ya pili. Nilichukua kalamu nibadilishe sifa zake kabla ya kuchapa, nikamwaza mwanamke nisiyemjua ambaye zingemwangukia, nikaiweka chini.

Kwa hiyo barua inatoka kama ulivyoiandika. Wewe uliituma gazetini, unajua gazeti ni la nini. Jibu hili nimekutumia kwa simu siku kadhaa kabla halijaenda mitamboni ili upate nafasi ya kufika kwake kwanza, na sitalirudisha nyuma. Wasomaji wanapofika kwenye mstari huu, ama dada yako ameshayasikia kutoka kinywani mwako, ama anayasoma pamoja nao.