Niliitika Jina Lako

Tito, rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako Kilolo, kucha zimejaa udongo wa kinyungu chako, lile shamba lako la bondeni. Baridi imeanza kulegea. Ule mti wa pichesi nyuma ya jiko umechanua maua matupu bila jani hata moja, kama ulivyokuwa ukinisimulia chuoni nikakuona mwongo. Sasa nimeuona kwa macho yangu, na wewe haupo wa kuniambia si nilikwambia.

Mwaka umeisha tangu tukuzike pale juu ya bonde. Mwezi uliopita mama yako alinipigia simu Mbeya, akasema kipande chako cha bondeni kikipita msimu wa pili bila jembe, ukoo utampa mtu mwingine. Aliniomba nije likizo nilime. Nikaja mara moja, mimi niliyekuwa nakwambia mwakani, mwakani, kila uliponialika.

Tumelima pamoja, mimi na yeye. Ananicheka, anasema walimu wa Mbeya wanakwaruza ardhi kama kuku. Tumepandisha matuta na kuzibua mifereji, na mahindi tumeshayapanda, maharage pembeni. Natumia jembe lako na mabuti yako, ambayo yananibana vidole.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Siku moja nilikuwa nimeinama mferejini, mama akaita kutoka juu: "Tito, njoo ule." Nikaitika. Naam, mama. Sijui sauti ilitokaje. Unajua macho yake siku hizi yana ukungu, nikajiambia amenifananisha, nisimtie aibu. Kesho yake akaita tena, nikaitika tena, na safari hiyo nilifurahi.

Hapo ndipo ninapoumia, Tito. Nimekula kwenye sahani yako, nimelala kitandani kwako, na niliposikia jina lako likiitwa nilihisi ni langu. Mama yangu nilimzika nikiwa bado mdogo, hilo unalijua. Lakini hiyo si ruhusa ya kuchukua wako. Nimekuwa nikipita karibu na kaburi lako asubuhi nikiangalia upande mwingine, kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba.

Halafu kuna picha. Ile uliyoanza, ya mama akiwa kinyunguni, iko hapa imeegemea ukuta. Matuta umemaliza, jembe umemaliza, uso hukuufikia. Mama alinitolea brashi zako, alikuwa amezifunga kwenye kanga, akaniomba niimalizie kwa kuwa tulisoma sanaa pamoja.

Nikamkumbuka yule mbuzi wako. Ulimchora kule chuoni Iringa kwenye gunia la ngano tulilopigilia kwenye mabanzi ya mbao za Mafinga, rangi zimetuishia, tukasaga udongo mwekundu wa mtoni. Ulipotoka nikarekebisha sikio lake moja, kwa nia njema kabisa. Uliporudi ulisema lile sikio baya lilikuwa lako na ulilitaka hivyohivyo, kisha ukaninunia. Hukunisemesha mpaka Jumapili, nilipopika mchele niliokuja nao kutoka Chimala na harufu ikakushinda. Ulikula sufuria karibu zima, ukiwa bado umekunja uso. Tulikuwa wajinga, na tulikuwa na raha.

Kwa hiyo leo nimekaa na brashi yako mkononi. Nilichanganya rangi ya uso wa mama yako, nikaitazama ikikauka kwenye kisahani, mkono ukagoma.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia picha siwezi. Nikamwambia pia kwamba mimi si Tito, ni Ambakisye, na kwamba nilikosea sana kuitika. Niliyasema yote hayo nikiutazama moto, maana yeye sikuweza kumtazama. Aliendelea kumenya viazi.

"Najua wewe ni Ambakisye," akasema. "Macho ndiyo yameharibika, masikio bado. Nilitamani tu nikiita, mtu aitike."

Nikatafuta kisu kingine, nikakaa chini, nikamenya naye.

Kesho asubuhi naondoka, na safari hii nitapita kaburini nikuage. Picha nimeitundika ukutani kama ulivyoiacha, na sehemu ya uso iko wazi. Sitaigusa, wala sitakubali mwingine aiguse. Kosa lake ni lako na uzuri wake ni wako.

Lakini mahindi yakifika magotini nitarudi kupalilia. Na mama akisimama pale juu akakuita, nitaitika. Sikukuomba ruhusa ukiwa hai, naiomba sasa, na ukininyima bado nitaitika.

Pumzika, ndugu yangu. Ukinuna nuna tu, ila safari hii sina wali wa kukubembelezea.

Ambakisye