Kyubu na Mguu wa Mzee Sefu

Bunju, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Felista,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umetoka shamba, umenawa miguu na umekaa, maana ni ndefu na sitaki uisome umesimama. Mgongo umeachia? Shemeji na kifua chake? Na mama anaendeleaje, bado anagoma kula mboga isiyo na chumvi? Mie mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Ni mwili tu.

Utajiuliza kwa nini naandika karatasi wakati simu ipo. Dada, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia, mpaka jirani aliyekuja kuomba moto. Haya nataka uyajue wewe peke yako kwanza, halafu utaamua mama aambiwe nini. Nampa barua mama mmoja wa jumuiya yetu anayesafiri kesho kuja huko Singida.

Pesa za vidonge vya mama ninazotuma tangu mwaka jana hazikutoka kwenye biashara ya samaki kama nilivyokuambia. Zilitoka kwenye mchezo, na mchezo huo umenifikisha pabaya.

Unakumbuka nilikuwa nafanya usafi kwenye hoteli ya ufukweni kule Kunduchi. Utaratibu wa pale, kitu alichosahau mgeni kinawekwa stoo, na asipokiulizia kwa miezi mitatu anapewa aliyekiokota. Wenzangu walikuwa wakipata miwani, viatu, mmoja alipata saa. Mie nilipata kyubu. Ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina pande sita, kila upande na rangi yake, na kila upande umegawanyika vijumba tisa vinavyozunguka. Ukizungusha ovyo rangi zinachanganyika zote. Kazi ni kuzirudisha kila moja kwao. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maneno ya Kizungu na mishale mingi. Maneno sikuyaweza, mishale nikaifuata.

Masika mazima nilihangaika nayo. Mishale haikukaa kichwani, leo naikumbuka kesho imepotea. Mwisho nikabuni njia yangu. Kila mzunguko nikaupa neno la Salamu Maria. Salamu, nazungusha upande wa kulia kwenda juu. Maria, nazungusha wa juu kwenda kushoto. Umejaa, wa kulia unarudi chini. Nasali huku mikono inakwenda, na sala ikiisha pembe moja imekaa mahali pake. Pembe ya mwisho inataka sala hiyo hiyo irudiwe mara nne. Nilijiuliza kama ni dhambi kuhesabia sala, nikajijibu mbona mama alikuwa anapimia mayai kwa Baba Yetu kumi na hakuna aliyemsema. Basi ikawa starehe yangu. Sina televisheni wala mtu wa kuongea naye, nikitoka kazini naipanga hiyo.

Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, sie wa usafi ndio tulioanza kutoka. Nikaenda pale pwani samaki wanaposhushwa, nikawa nauza ndimu na pilipili kwa wanaokula samaki wa kukaanga. Aliyenikaribisha ni Bi Mwanaidi, mkaanga samaki, mwenyeji kabisa wa Kunduchi. Alisogeza ndoo zake nikapata pa kuweka kapu langu, na hakuniomba chochote.

Siku moja nikiwa sina mteja nikaitoa kyubu. Kaka mmoja aliyekuwa anasubiri samaki wake akaichukua, akaivuruga, akanirudishia. Akasema, haya mama, nipangie kabla samaki wangu hajageuzwa. Nikampangia, na samaki alikuwa bado upande wa kwanza. Alicheka mpaka akakohoa, akanipa zaidi ya bei ya ndimu. Kesho yake akaja na wenzake. Baada ya wiki chache wakaangaji wakawa wanaitia wateja kwa jina langu, karibuni kwa Mama Rangi, samaki unalipia, maajabu bure. Anayetaka kutoa alitoa alichonacho, na mara nyingi walichotoa kilizidi ndimu na pilipili vya kutwa nzima. Vijana wa bodaboda wakataka kuwekeana dau juu yangu. Nikawaambia mkiweka dau naikunja kwenye khanga naondoka, kamari mie sishiriki. Wakanitania eti mie ni sista wa kanisa niliyetoroka nyumbani kwa masista. Nakuambia hili ili ujue nilivyokuwa najiona msafi, dada.

Kilichoniponza ni midomo. Nikipanga, midomo inacheza kwa sababu nasali. Kuna siku mteja mmoja akasema kwa sauti, hapo si akili, huyu mama anaisomea, hamuoni midomo? Watu wakasogea, kicheko kikapungua, wengine wakaanza kuniangalia vingine. Nilitakiwa kusema palepale kuwa nahesabu mizunguko, basi. Nilinyamaza. Siku hiyo watu walitoa kuliko siku zote, na waliotoa hawakuwa wanacheka tena. Tangu hapo sikusema.

Sasa Bi Mwanaidi ana mume, au niseme alikuwa na mume, Mzee Sefu, fundi wa kushona nyavu. Ana sukari ya muda mrefu, na kidonda kilimtoka chini ya dole gumba la mguu. Kituo cha afya walimwandikia barua aende hospitali kubwa akakatwe vidole kabla hakijapanda. Ile barua akailaza chini ya godoro, akailalia.

Bi Mwanaidi akaniita pembeni. Akasema, "Mwaya, mwaka mzima tunakaa pamoja. Naona rangi zinavurugika, naona unazirudisha. Damu ya mume wangu nayo imevurugika. Njoo umsomee."

Nikamwambia mie Mkristo, sala yangu ni ya kikristo. Akasema Mungu ni mmoja, twende. Angalia dada, hata hapo nilimjibu habari ya dini. Habari ya kyubu sikuigusa.

Nilikwenda Alhamisi tatu. Mzee Sefu alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa anaichukua kyubu na vidole vyake vya nyavu, anaivuruga kwa makusudi kabisa, anasema leo hutoki hapa, utalala na sie. Mie napanga, yeye ametulia ananiangalia midomo. Ya kwanza akasema maumivu yamepungua. Ya pili akasema amelala. Kila nikitoka, Bi Mwanaidi anafungua pindo la khanga, ananipa, anasema ni sadaka. Nikapokea. Nikakutumia, ukanunua vidonge.

Alhamisi ya tatu nilipoingia nikasikia harufu. Nimesafisha vyoo vya hoteli miaka tisa, pua yangu si ya kushtuka haraka. Ile ilinishtua. Mzee akamtuma mkewe nje akamletee maji, tukabaki wawili. Akasema, "Binti yangu, niambie kweli. Niende nikakatwe, au nisiende?"

Dada, baba yetu alikatwa mguu. Wewe ndiye uliyekuwa unamshonea suruali upande mmoja mfupi. Aliishi, akalima kwa kukaa kwenye kigoda, akatupeleka kanisani kwa gongo lake, akakuona unaolewa. Pale Kunduchi nzima, kama kuna mtu aliyekuwa na jibu la yule mzee ni mie. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini asubuhi yake ulikuwa umenipigia simu kuwa vidonge vya mama vimebaki vitatu. Nikaona nikimwambia nenda, atakwenda, na hataniita tena.

Nikasema, "Tuendelee kuomba kwanza, baba."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea. Alikuwa anaogopa kisu, na mie nikampa ruhusa ya kuogopa. Nikaipanga kyubu, nikapokea sadaka, nikaondoka.

Wiki iliyofuata homa ikampanda. Walimpakia kwenye bajaji ameshapoteza fahamu. Hospitali waliwauliza walikuwa wapi siku zote, mguu umeshakuwa mweusi hadi gotini. Alikaa siku mbili, akafariki. Walimzika siku hiyo hiyo kama dini yao inavyotaka. Nilikwenda, nikakaa na wanawake ndani. Bi Mwanaidi akanishika mkono mbele ya wote akasema, huyu ndiye aliyempunguzia mume wangu maumivu, asingekuwa huyu angekufa analia. Wanawake wakaniombea dua. Nilikaa pale nimeshikwa mkono, dada, na sikuuondoa.

Ungedhani ingeishia hapo. Ndiyo kwanza wakaanza kuja. Maneno yake pale msibani yalitembea, watu wakauliza hadi wakafika kwenye chumba ninachopanga huku Bunju. Mmoja alitoka Tabata, amekuja na picha ya eksirei ya kifua cha mumewe ameizungushia khanga, anataka niipange kyubu juu ya picha. Nikamwambia mie si mganga, mumeo apelekwe kwa daktari. Akadhani nataka malipo kwanza, akaanza kufungua pindo la khanga. Nikamfungia mlango. Alikaa nje kwenye ngazi mpaka jua likahama, nasikia anavyopumua, halafu akaenda zake. Sijui alikwenda wapi na ile picha.

Nikaenda kuungama. Padri hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu, yule mjane anajua? Nikasema hajui. Akaniambia msamaha wa Mungu naupata, lakini ukweli ni wa yule mama, na nimekaa nao ndani kwangu.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikaenda kwake. Bi Mwanaidi amekaa eda, hatoki, anapokea wanawake chumbani. Amekonda. Alifurahi kuniona, akaagiza chai. Nikamwambia yote. Kwamba ile ni hesabu, kwamba mtu yeyote akionyeshwa ataweza, kwamba mzee aliniuliza na nilivyomjibu, na kwamba baba yangu alikatwa mguu akapona na mie nilijua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Usiniambie hivyo. Ukiniambia hivyo, basi mie ndiye niliyemleta muuaji kwa mume wangu, kwa mkono wangu."

Nikasema kosa ni langu peke yangu. Akatikisa kichwa. Akasema nimechanganyikiwa kwa majonzi, nipange kidogo nitulie, na yeye atulie. Akainyakua kyubu kwenye kapu langu, akaivuruga mwenyewe, akanipa.

Sikuona namna nyingine ya kumfanya anielewe. Nikafumba mdomo. Nikaubana kabisa, meno kwa meno, na kichwani nikahesabu moja, mbili, tatu kama mtoto wa shule, bila sala hata neno. Nilikwenda polepole kwa sababu sijazoea hivyo. Yeye macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu muda wote, hakuangalia mikono. Nilipomaliza, pande sita zote zimekaa, nikaiweka kwenye mkeka katikati yetu.

Aliigusa kwa kidole. Akauliza, "Na siku ile?"

"Na siku ile ilikuwa hivi hivi."

Hakulia, hakunitukana. Alivuta khanga akajifunika uso, akageukia ukutani. Chai ilipoletwa akasema kutoka ndani ya khanga kuwa mgeni anaondoka. Kyubu niliiacha palepale kwenye mkeka. Sikujua kama nilikuwa nimemrudishia haki yake au nimemwongezea msiba juu ya msiba, na hadi leo sijui. Padri anasema nilifanya sawa. Padri hakumwona alivyogeuka.

Pale pwani sitarudi. Siwezi kukaa karibu na jiko lake wakati yeye yuko ndani ananiona mie kila akifumba macho. Nimepata nyumba mbili hapa Bunju za kufua nguo na kupiga deki. Ninachopata kinatosha kodi ya chumba na unga. Hakifiki kwenye vidonge, dada, si mwezi huu na pengine si ujao. Wangapi wangekuja mlangoni kwangu wakinitolea, na mama angepata dawa mwaka mzima! Nimelifikiria hilo, sitakuficha. Juzi alikuja mwingine, na kabla sijamkatalia nilisimama nimeshika mlango muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Niombee kwenye hilo hasa.

Yule mbuzi wangu jike aliyebaki kwako, muuze, usinisubiri. Usimwambie mama kwa nini. Akiuliza, mwambie kazi imebadilika, na hilo si uongo.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kuvuta hata kwa siri. Msalimie mwanao mwalimu na mkewe, na mjomba Gaspari mshika kengele wa kanisa letu, aniwekee nia kwenye misa ya Jumapili, asitaje jina. Mama mshike mikono yote miwili kwa ajili yangu.

Tafadhali nijibu upesi, hata mistari miwili, uniambie vidonge vya mama vimebaki vya siku ngapi.

Mdogo wako,
Anastazia