Ami Haangushwi

Mjini Ibra, Ijumaa

Mbavu zinaniuma na bado siamini. Miaka mitatu nacheza futiboli ya Kimarekani na vijana wa hapa, na nikishika mpira hakuna aliyewahi kuniangusha. Nikajidhania umeme, na miaka yangu hamsini na tumbo hili!

Leo kijana mgeni kutoka Sinaw kanibwaga kama gunia la tende. Salim, mtoto wa kaka yangu, akamfokea, "We! Ami haangushwi!"

"Tangu lini?" nikamuuliza, ningali chini.

"Tangu siku ya kwanza, ami. Nani atamwangusha mtu anayemwamkia shikamoo?"

Subhanallah. Miaka mitatu!

Kucheza basi. Wiki ijayo naanza ukocha, na mchezaji wa kwanza nitakayemchagua ni yule wa Sinaw.