Mama Yako Naye Apige Magoti

Upendo mjukuu wangu,

Marahaba, najua ungeniamkia. Anayeniandikia ni jirani Mkongo, maana mimi na baba yako tumenuniana.

Leo baba yako kanipeleka kwa mchoraji, nyuma ya barabara ya Huanshi, huku kwa Wachina, joto la kuivisha mayai. Anachorewa Bikira Maria wa kupeleka kanisani kwetu, kwa mtindo wa Wazungu wa kale: mwenye kutoa picha anawekwa pembeni, mdogo, kapiga magoti. Baba yako yumo tayari na suti yake. Ubavuni yuko mke wake mpya, basi.

Nikamuuliza, "Mama Upendo yuko wapi?"

"Mama, marehemu hachorwi pamoja na walio hai. Watu watacheka."

"Wacheke! Nani alifagia kanisa lile mpaka ugonjwa ukamlaza?"

Mchoraji aliona tunafokeana, akatufungulia picha ya kale kwenye simu: bwana kapiga magoti, nyuma yake wake wawili. Akaiongelesha simu Kichina, ikatusemea Kiswahili: "Huyu wa kwanza alikuwa ameshakufa."

Nikatoa picha ya mama yako kwenye kanga, nikaiweka mezani. Nilidhani baba yako atatoka nje. Aliichukua, akaitazama. Akamwambia mchoraji, "Hapa kafumba mdomo. Wewe mchore anacheka kidogo. Ana mwanya huyu, uonekane."

Mpaka sasa hajanisemesha. Na aendelee.

Kula ushibe, mama, na usilale na nywele mbichi.

Bibi yako akupendaye