Rupia Zilizosuguliwa kwa Majivu

Pasua, Moshi
Jumanne, 4 Februari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umepungua. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kilema? Ng'ombe ameshazaa?

Naandika kwa sababu simu ni ya baba mdogo, na hata ningekuwa na yangu nisingeweza kukutamkia haya. Unanijua, hata jina langu darasani naliitikia kwa kunong'ona. Barua nampa Mama Salvina, anayeshusha ndizi sokoni.

Baba mdogo Tito anauza sarafu za zamani, zile rupia za Mjerumani. Mimi ndiye namwandikia vikadi kwa Kiingereza: hii imechakaa, hii nzuri, hii nzuri sana. Daraja likipanda, bei inapanda. Mwanzoni tuliandika ukweli. Baadaye akawa anasema, "Pandisha moja, Pamela, nani atajua?" Nikapandisha. Halafu Desemba, tukisugua sufuria za Krismasi, nikazisugua na rupia kwa majivu na ndimu, kama ulivyonifundisha. Ziling'aa mpaka baba mdogo akacheka peke yake. Tukaandika: haijawahi kutumika.

Januari nikasoma kwenye kitabu chake cha sarafu, ambacho yeye hutazama picha tu, kwamba sarafu iliyosuguliwa imeharibika. Sikumwambia. Nikaendelea kuandika. Zimeuzwa kumi na tisa.

Sasa Mzee Eliufoo wa Machame, mwalimu mstaafu aliyeuza ndama ili anunue moja, anakuja Jumamosi na lenzi. Baba mdogo anataka niseme nilikosea kuandika. "Wewe mtoto," amesema, "mtoto hafungwi." Naogopa, Bibi.

Mjukuu wako,
Pamela

Kilema
Ijumaa, 7 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linauma. Ng'ombe amezaa dume, kana kwamba nilimwomba.

Tito nimemzaa mimi, kwa hiyo aibu hii ni ya nyumba yangu. Humu nimekunja jani la isale, nimelikata mpakani mwa kihamba chetu cha migomba. Mchagga akiletewa isale na aliyemkosea, hawezi kumnyima msamaha. Mpelekee mzee kwake kabla hajashuka. Huhitaji maneno mengi, jani linatosha. Kiri la kwako. La Tito mwachie Tito.

Bibi yako

Pasua
Jumanne, 11 Februari

Bibi,

Shikamoo, na hongera ya ndama hivyo hivyo. Jani lilifika. Mimi sikwenda, nililificha ndani ya daftari.

Mzee alikuja dukani, akaweka lenzi jichoni, akasema mikwaruzo yote imelala upande mmoja kama ya sufuria za mke wake. Baba mdogo akaninyooshea kidole, eti huyu bado anajifunza. Nikaitikia kwa kichwa. Mzee akanitazama. Akasema wiki ijayo anakwenda polisi, ataanza na aliyeandika kadi.

Mwandiko ni wangu, Bibi. Kwenye kadi zote. Pikipiki ikisimama nje najifungia chooni.

Pamela wako

Kilema
Ijumaa, 14 Februari

Pamela,

Marahaba. Lile jani limeshakauka, nimekata jingine bichi. Kesho panda Machame. Nimemwomba Mama Salvina akufikishe getini. Ukigeuka bila kuingia ataniambia, na goti hili hili litashuka mpaka Pasua.

Kuogopa si dhambi, mama. Lakini ule uongo ulioitikia kwa kichwa, kautengue.

Bibi yako

Pasua
Jumanne, 18 Februari

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu.

Nilikwenda. Mama Salvina alisimama getini mikono kiunoni, hata kukimbia nisingeweza. Mzee alikuwa anapogoa kahawa. Nilimnyooshea jani kwa mikono miwili, hilo tu. Alilitazama, akaenda kunawa, ndipo akalipokea. Akasema polisi haendi tena. Halafu akauliza nilisugua ngapi zilizouzwa. Nikamwambia.

"Jani hili ni langu," akasema. "Wale kumi na wanane je?"

Nyumbani nilimweleza baba mdogo yote, pamoja na kile kitabu. Nilijua atanipiga. Alikaa juu ya kreti la soda.

"Ulijua tangu Januari?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakutanguliza wewe mbele."

Jana akamwaga mezani sarafu zilizobaki, akaniambia niandike upya, ninachokiona tu. Nimeandika: imesuguliwa kwa majivu. Inayofuata hivyo hivyo.

Kesho tunaanza na mnunuzi wa pili, daktari mmoja wa huku mjini. Baba mdogo atasema lake, mimi langu. Nilitaka nikuombe jani jingine, Bibi. Nikakumbuka daktari huyu ni mtu wa Mtwara. Kwake isale ni jani tu.

Itabidi niseme kwa mdomo.

Mjukuu wako,
Pamela