Duka la Dama Halimfungukii Dama

Jumatatu, 24 Machi

Mahakamani asubuhi. Kesi imeahirishwa tena. Nimetuma aya nne gazetini, nikarudi nyumbani Ziwa la Ng'ombe, chai na viazi karai.

Dada Dama kanigongea mlango. Duka lake la mtandaoni la nguo anazoshona linakataa kumwingiza kwenye ukurasa wa msimamizi. Wateja wanaingia, wanatazama, wananunua. Mwenye duka yuko nje.

Barua pepe inasema kuna oda: majoho thelathini ya kwaya, kanisa moja la Voi. Hajawahi kupata kubwa hivyo. Asipoithibitisha humo dukani kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, inajifuta. Simu ya mteja haionekani mpaka athibitishe.

Kiwanda cha nguo Changamwe nacho kinamngoja. Msimamizi wa zamu amempa hadi Ijumaa aseme kama anarudi. Miaka minane alishona pindo za suruali za watu huko. Anaogopa.

Jumanne, 25 Machi

Amekuja fundi Mwangi, aliyemtengenezea duka. Amesema ni nenosiri. Amelibadilisha mara mbili. Bado. Mwishowe akasema tovuti imeoza, ijengwe upya. Wiki mbili.

Oda itakuwa imekwenda. Nimekataa. Dama kanigeukia: mimi kazi yangu ni kuandika malori yaliyopinduka, kompyuta nazijulia wapi. Kweli. Lakini malori nayo huwa nauliza ni nini kilichobadilika kabla hayajapinduka.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia Dama ajaribu mbele yangu. Mimi nitazame tu.

Nenosiri limekubali. Siku tatu hakuna aliyenitajia hilo. Ukurasa wa pili ndio unaokataa, ule unaodai nambari sita za usalama, zinazobadilika kila nusu dakika kwenye simu. Nimesoma maneno ya kosa moja moja. Nambari si sahihi. Hapakutajwa nenosiri popote. Walikuwa wanatengeneza mlango usio mbovu.

Nambari hizo zinatoka kwenye simu ya Mama, Changamwe. Duka lilipofunguliwa, Dama alikuwa na simu ya vibonyezo. Ya Mama ndiyo iliyoweza kuzitoa. Tangu hapo Dama hupiga, Mama huweka spika na kusoma. Husoma kama anayetangaza mshindi wa uchaguzi.

Kabla sijamzuia, Dama akajaribu tena na tena, kwa hasira. Akaunti imefungwa hadi Ijumaa saa kumi jioni. Zitabaki saa mbili tu.

Nimekasirika sana.

Alhamisi, 27 Machi

Changamwe. Foleni ya malori ya mafuta, jua kali. Nimemwamkia Mama, nikaomba simu yake kabla ya maji ya kunywa. Ameliona hilo.

Saa yangu ya mkononi: saa nne asubuhi. Simu ya Mama: 4:00. Ilipaswa kusema 10:00. Nimeuliza nani kaigusa.

"Mimi. Asubuhi kweupe inaniambia kumi. Saa kumi ni alasiri, mwanangu. Simu ilikuwa inasema uongo, nikairekebisha."

Jumapili, baada ya ibada. Alibonyezabonyeza mpaka ikasema saa kama watu wasemavyo. Nimemuuliza usiku inasomaje. Usiku yeye amelala.

Basi ni hilo. Nambari huzaliwa kutokana na saa ya simu. Kila aliyoisoma tangu Jumapili ilikuwa imechelewa kwa saa sita. Mama alisoma sawasawa. Dama aliandika sawasawa. Nimeirudisha simu ijipangie saa yenyewe. Mama hakupenda.

Nimempigia Mwangi. Kicheko kirefu. Amesema hiyo hangeijua. Kwao simu inakaa vile ilikuja.

Ijumaa, 28 Machi

Saa kumi jioni. Dama kwenye kiti, mimi nyuma yake, Mama kwenye spika. Nenosiri likapita. Mama akasoma nambari sita, taratibu, kwa sauti ya kanisani. Dama akaandika.

Limefunguka. Oda ya Voi juu kabisa. Akabonyeza kuthibitisha kabla sijavuta pumzi.

Tumepiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

"Imekubali?" Mama akauliza.

"Imekubali, Mama."

"Basi waambie hao wa Voi aliyewafungulia ni mimi."

Dama akampigia mteja, wakaelewana vipimo na rangi. Kisha akampigia msimamizi wa zamu. Harudi. Alisema kwa sentensi mbili na hakuomba radhi. Nimesikia mambo mengi yakitangazwa katika kazi hii. Machache yamenifurahisha kama hilo.

Tumeshinda. Naandika hivyo bila haya.

Jumatatu, 31 Machi

Basi la kiwanda limepita saa kumi na moja alfajiri. Lilisimama njiani kidogo, likapiga honi mara moja, likaenda.

Dirisha la Dama halina taa. Amelala.